Mkuu wa Chapa na Maumivu Yasiyoonekana

Alikuwa hapendi kupewa mkono. Katika mji kama Dodoma, ambako mtu ukikutana naye sokoni Majengo anakushika mkono na kuendelea kuushikilia mpaka amalize kuuliza habari za nyumbani, za shamba na za mvua, tabia hiyo ilimletea maneno mengi. Yeye aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Nimeipokea salamu yako." Wengine walisema ana maringo. Wengine walisema ameokoka katika dhehebu linalokataza. Tarishi wetu mmoja alikuwa na hakika kabisa kwamba anaogopa kurogwa.

Mimi nilikaa naye chumba kimoja cha ofisi mwaka mzima kabla sijajua kwamba mkono wake ulikuwa unauma. Ukiubana kidogo tu, kama watu wanavyobana wakifurahi kukuona, aliusikia mpaka begani, na bega lilibaki likiwaka hadi jioni.

Tulimwita Mkuu, basi. Alikuwa mkuu wa chumba cha wapiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Tulikuwa wanawake saba na mashine saba, na dirisha lililoingiza vumbi la kiangazi hata likifungwa. Meza yangu ilikuwa ya pili kutoka mlangoni. Nilikuwa nimetoka Kondoa na cheti changu cha uhazili, kipya, na niliamini kwamba ninajua kupiga chapa. Siku ya tatu Mkuu alisema kutoka upande wa pili wa chumba, bila kuinua macho kwenye kazi yake:

"Wewe wa mlangoni, umekosea mstari huo."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimeruka herufi.

"Umejuaje, Mkuu?"

"Umesita. Mtu hasiti bure."

Alikuwa na sikio la namna hiyo. Mashine saba zikilia kwa pamoja, yeye alisikia kila moja peke yake. Wakati wa vikao vya Bunge, maswali na majibu yakiletwa mafungu kwa mafungu na kila ofisa akidai la kwake ndilo la haraka, yeye ndiye aliyepewa kurasa zisizotakiwa kuwa na kosa hata moja. Alizipiga mgongo umenyooka, uso umetulia. Sisi tulidhani ule uso ni wa ukali. Ukali alikuwa nao, sikatai. Alinirudishia barua moja mara nne kwa sababu ya mkato. Lakini uso ule haukuwa wa ukali. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba kitu kizito na hataki kukiweka chini mbele za watu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalijaa sabuni za harufu na vitenge. Watu binafsi waliruhusiwa kufungua zahanati, na maduka ya dawa yakaota kila barabara, mengine yakiwa na muuzaji ambaye juzi alikuwa anauza viatu. Kwa Mkuu huo ulikuwa mlango mpya, na aliuingia kwa hamu yote. Hospitali zilikuwa zimemchosha. Walimpiga picha ya mgongo, picha ikawa safi. Walimpima damu, damu ikawa safi. Daktari mmoja alimwambia, "Mama, una mawazo." Mwingine alimwambia ni umri, naye alikuwa na miaka arobaini na mbili. Akaanza kununua: vidonge vya njano, vya waridi, sindano za vitamini, dawa ya kuchua inayonuka mpaka sisi tukafungua dirisha na kulipokea vumbi kwa furaha. Vidonge vikali vya maumivu vilimchoma tumbo, akawa na magonjwa mawili.

Waganga wa kienyeji aliwasema vibaya kila walipotajwa. "Wezi watupu," alisema. Baadaye sana alinieleza kwamba alikuwa amekwenda kwa watatu, na yule wa tatu alimpenda kwa sababu ndiye mtu wa kwanza aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa.

Alikuwa hivyo katika mengi. Alichukia watu wanaolalamika, na mimi nilipoumwa jino alinitazama kama niliyemvunjia heshima. Kumbe siku ileile alimtuma mtu nyumbani kwangu na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Hakutaka kukumbatiwa na mtu mzima yeyote, lakini akiona mtoto mchanga lazima ampakate, kisha anakaa na maumivu yake na anatabasamu. Zabibu za Makutupora zikiiva alileta kikapu kizima ofisini, akatugawia, na yeye akala pamoja na mbegu, kwa kelele, kama mtoto. Sijawahi kumwona akiomba radhi kwa maneno.

Sasa niseme langu, kwa maana bila hilo habari yake haikamiliki.

Kulikuwa na asubuhi ambazo Mkuu hakuja kazini. Siku moja, siku mbili, mara nyingine tatu. Akirudi hakueleza; tulisikia tu kwa tarishi alichoumwa. Alikaa, akavuta mashine, akaanza. Sisi vijana wa chumba tulikuwa na maneno yetu. Nami nilisema, tena kwa sauti, chai ikinywewa, "Mtu anaumwa leo kichwa, kesho nyonga, keshokutwa nyayo! Ugonjwa gani unahamahama? Anajisingizia." Wenzangu walicheka. Bado nakisikia kicheko kile.

Wakati huo habari za kupunguza wafanyakazi zilikuwa zimeanza kuzagaa. Kila idara ilitakiwa kupeleka majina. Ofisa utumishi wetu, bwana mmoja mwenye sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni, aliniita ofisini kwake.

"Wewe ni mwaminifu," aliniambia. "Nataka uandike siku ambazo mkuu wenu haji. Kimyakimya. Usimwambie mtu."

Niliogopa. Mama yangu na wadogo zangu kule Kondoa walinitegemea mimi, na niliona kwamba anayeandika hawezi kuandikwa. Nilichukua daftari la shule lenye jalada la kijani, nikawa naweka tarehe, na mbele yake neno moja: Hakuja. Miezi minne niliandika. Nililibeba kwenye mkoba wangu ili lisije likaonekana mezani.

Basi siku moja Mkuu akaniomba nimsindikize. Zahanati moja mpya ya mjini ilikuwa na daktari mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi. Siku hiyo mkono wa kulia wa Mkuu haukuinuka hata kufunga kilemba, na alihitaji mtu wa kumfungulia milango. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Nilikwenda, daftari likiwa mkobani.

Daktari alikuwa mdogo kwa Mkuu, mwembamba, mwenye viatu vyenye vumbi. Alisema, "Shikamoo mama. Hebu nisimulie tangu mwanzo."

Mkuu akasimulia. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, daktari akasema, "Sasa nitakubonyeza sehemu kumi na nane. Nitabonyeza kwa kidole tu. Uniambie ukweli, usijikaze."

Akaanza shingoni, akaja mabegani, kifuani, viwiko, kiunoni, akamalizia magotini. Hakutumia nguvu zaidi ya ile mtu angeitumia kujaribu embe kama limeiva. Nilimwona Mkuu, mwanamke niliyedhani ni wa chuma, akishtuka kila kidole kilipogusa, machozi yakimtoka bila sauti. Alipofika goti la mwisho daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama, nakuamini," alisema. "Huigizi, na huna kichaa. Ugonjwa huu una jina."

Akalitaja. Faibromayalgia. Mkuu akamwomba alitamke tena, halafu akamwomba amwandikie. Alikishika kile kikaratasi kwa mikono miwili.

Daktari akaeleza kwa lugha tuliyoielewa. Alisema mwilini mwetu kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo, na kwa Mkuu mambo yalikuwa kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho: mnong'ono unasikika kama kelele. Ndiyo maana picha ni safi na damu ni safi. Kilichoharibika ni ile sauti, na picha hainasi sauti. Alisema wataalamu wenyewe bado wanajifunza, mengi hayajajulikana, na yeye hataahidi asichokijua.

"Nitapona?" Mkuu akauliza.

"Sidhani kama itaondoka yote. Lakini inaweza kupunguzwa mpaka ukaishi."

"Basi nipe hicho cha kupunguza."

Daktari alimpa mambo matatu. La kwanza, dawa ya usiku kwa kipimo kidogo kabisa, ya kumrudishia usingizi na kupunguza ile sauti. La pili, kutembea, kidogo kidogo, kila siku, awe anaumwa au haumwi. La tatu, kugawa kazi vipande vipande, afanye na apumzike kabla mwili haujamlazimisha. Aliongeza kwamba huko nje wagonjwa wengine hufanya mazoezi ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu.

Mkuu akafuta machozi, akamtazama. "Daktari, hapa maji ya kuoga tunapanga foleni kwa ndoo. Hilo bwawa nilipate wapi?"

"Hakuna bwawa huku?"

"Liko Mtera. Lina mamba."

Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka nesi akafungua mlango kutazama. Mimi sikucheka. Mkoba ulikuwa magotini mwangu na nilihisi uzito wa lile daftari kama nimebeba jiwe.

Kesho yake, saa ya chai, wenzetu walipotoka, nilimwendea mezani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilichosema ni hiki tu: "Mkuu, nimekukosea," nikamwekea daftari mbele.

Akalifungua. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso haukubadilika. Akachukua kalamu.

"Hapa umekosea," akasema. "Tarehe tisa pia sikuja. Wewe ulikuwa likizo." Akaiandika, kwa mwandiko wake mzuri: Hakuja. Akaendelea mpaka mwisho, akaongeza siku nyingine mbili nilizozisahau. Kisha akachukua rula, akapiga mstari kutoka juu hadi chini, na upande mpya akaanza kuandika kurasa alizopiga kila siku aliyokuja. Kumbukumbu zake alikuwa nazo kwenye droo. Kurasa hizo zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote chumbani, hata zangu mimi nisiyekosa kazini ila kwa likizo.

"Kama ni kuandika," aliniambia akinirudishia, "andika yote. Mpelekee."

"Mkuu, watakupunguza."

"Wakinipunguza wanipunguze kwa ukweli kamili."

Kwa kweli sikulala vizuri wiki ile, lakini niliendelea kulijaza daftari pande zote mbili, na mwishowe nikalipeleka kwa ofisa utumishi. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kuwaheshimu wakubwa, na niliwaheshimu, lakini niliyoyasikia moyoni siku ile yalikuwa mambo mengine. Nilikuwa namwogopa mtu kwa sababu ya ukubwa wa moyo wake.

Dawa ile haikupatikana kwa urahisi. Maduka mawili hayakuwa nayo. Katika la tatu, muuzaji aliposoma karatasi alishusha sauti, akamwambia, "Mama, hii wanatumia wale wa hospitali ya akili." Katika mji wetu hospitali hiyo hutajwa kwa mzaha na watoto wakitukanana, na mtu mwingine angegeuka akaenda zake. Mkuu akamjibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Kama inawasaidia wao, na mimi nitaitumia. Nipe."

Wiki za mwanzo alikuwa na mdomo mkavu na kichwa kizito. Aliweka chupa ya maji mezani, akaendelea kupiga chapa. Halafu asubuhi moja aliingia chumbani, akasimama katikati, akatutangazia kana kwamba ni tangazo la serikali: "Nimelala." Sisi tukatazamana. "Nimelala usiku kucha. Mnajua maana yake?" Hatukujua, sisi tuliolala kila siku.

Kutembea alianza kutoka mlango wa nyumba yake hadi bomba la jirani, na kurudi. Wiki nzima hapo tu. Halafu hadi kanisani. Halafu akaanza kuja ofisini kwa miguu sehemu ya njia. Mara ya kwanza aliposikia nafuu alifua mapazia yote, akasugua sakafu, akaenda kwa miguu kumsalimia rafiki yake wa mtaa wa Kikuyu, kisha akaanguka kitandani siku nne. Aliporudi alitupa msemo wake ambao tuliusikia mpaka tukauchoka: "Siku nzuri usiimalize."

Alileta pia saa ya mezani, ile ya kutia ufunguo, yenye kengele. Aliitega ilie kila baada ya dakika ishirini. Ikilia alisimama, akanyoosha mabega, akatembea hadi mwisho wa korido na kurudi. Akatuamuru nasi tusimame. Maofisa walipita wakicheka: "Wamama wako gwaride!" Sisi wenyewe tuliona aibu. Lakini baada ya mwezi mashine zetu zilitoa makosa machache kuliko zamani, na mwenzetu mmoja aliyekuwa akilalamikia mikono kila jioni akaacha kulalamika.

Daktari alikuwa amemwachia makala ya Kiingereza kuhusu ugonjwa ule. Mkuu aliikalia muda mrefu na kamusi mbili, akaigeuza Kiswahili. Jina lenyewe lilimsumbua. Alituuliza sote, kila mtu kwa kabila lake, kama kuna neno la mwili kuuma wote bila kidonda. Mmoja wetu, Mgogo, alimpigia simu shangazi yake kuuliza. Mwishowe Mkuu aliandika kama lilivyo, na chini yake maelezo: "Maumivu ya mwili mzima ambayo macho hayayaoni." Zilikuwa kurasa nne. Alizikata kwenye stensili kwa mkono wake, kwa karatasi alizonunua mwenyewe dukani, akatoa nakala, akazipeleka zahanati ile na mbili nyingine. Nimesoma kazi nyingi zilizopigwa naye. Ile haikuwa na kosa hata moja, na ndiyo pekee aliyoipiga bila kuagizwa na mtu.

Siku ya kuitwa ilifika. Ofisa utumishi alitaka mazungumzo yaandikwe, nami nikaitwa kuyaandika kwa hatimkato. Ndiyo maana nayakumbuka neno kwa neno.

"Mama, nimeona barua ya daktari," alisema. "Lakini ugonjwa gani huu hauonekani hata kwenye picha?"

"Hata mshahara mdogo hauonekani kwenye picha, bwana, lakini unauma," alijibu Mkuu.

Yule bwana alitabasamu, kisha akaliacha tabasamu. "Siku ambazo hukuja ni nyingi."

"Ni hizo. Zimeandikwa sahihi, mimi mwenyewe nimezisahihisha. Miezi mitano ya mwisho zimepungua kuwa mbili. Soma na upande wa pili wa mstari."

Alisoma. Akazungusha kalamu. Naamini hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mama, hata kama ungekuwa mzima. Kompyuta zinakuja. Chumba chenu kitabaki na watu watatu. Wakubwa wametaka majina, na jina lako limeshapita."

Mkuu akaweka kiganja kifuani. "Umesema kweli mwishoni. Ungeanza nayo." Akasimama polepole, kwa hatua zile za mtu anayesubiri magoti yake yakubali, akatoka. Mlangoni alinigeukia: "Hilo neno 'limeshapita' umeliandika?" Nikamwambia nimeliandika. "Vizuri."

Mimi nilibaki kazini. Katika wale watatu, mmoja nilikuwa mimi. Sijawahi kupata jibu la kwa nini, na yeye hakuniuliza kamwe.

Alipoondoka tulidhani atavunjika. Tulipanga zamu ya kwenda kumwangalia. Wa kwanza kwenda alirudi akicheka: alimkuta anamsimamia fundi anayepigilia meza. Mkuu alikuwa amenunua mashine nne zilizochakaa, akaweka kibao nyumbani kwake Chang'ombe, hapohapo Dodoma, akaanza kufundisha wasichana uhazili. Meza alizipima kwa kila mwanafunzi, fupi kwa mfupi, ndefu kwa mrefu, ili mabega yasiinuke. Kila baada ya dakika ishirini darasa zima lilisimama. Na Jumatano mchana aliwapokea watu wengine kabisa: wale waliosoma zile kurasa nne, au waliosomewa. Walikuja wapagazi wa magunia kutoka soko la mahindi la Kibaigwa, walikuja walimu, alikuja mke wa mchungaji, alikuja mama kutoka kwetu Kondoa ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nami nikaitwa nikatafsiri. Hakuwapa dawa. Waliohitaji dawa aliwaelekeza kwa daktari, na aliwakataza wasinunue kwa muuza viatu. Yeye aliwasikiliza, akatembea nao hadi mwisho wa mtaa, akarudi nao.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Jumatano moja kama hizo, miaka kadhaa baadaye, majira ya zabibu. Nilimkuta amelala kitandani chumba cha mbele, shuka limefunika miguu tu kwa sababu uzito wa shuka ulimuumiza mabegani. Ilikuwa siku mbaya. Kumbe bado alikuwa nazo. Kwa ujinga wangu nilishangaa. Nilidhani mtu aliyewasaidia wengi hivyo amekwisha kuvuka.

"Usinitazame hivyo," aliniambia. "Zamani zilikuwa kumi kwa mwezi. Sasa ni moja au mbili. Kaa."

Kabla sijakaa vizuri baiskeli ilisimama nje. Mwanamume mmoja, shati limetoboka bega, alikuwa amempakia mkewe nyuma, amemleta kutoka Makutupora. Mwanamke alikuwa mchuma zabibu, si zaidi ya miaka thelathini na tano, na alishuka baiskeli kama bibi kizee. Mume alianza kusema kabla ya kukaribishwa.

"Shikamoo mama. Wamenituma huku kutoka zahanati. Huyu anasema anaumwa kila mahali. Kila mahali, mama! Kuna mtu anaumwa kila mahali? Shambani wamemwambia asirudi. Na mimi nimechoka."

Nilimwambia yule mume kwamba Mkuu hawezi kuonana na watu leo. Yeye tayari alikuwa anajiinua. Niliona jinsi alivyokusanya mwili kipande kwa kipande, kiwiko, nyonga, mguu, mpaka akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka. Uso ukatulia. Yule mume asingeweza kujua kitu.

"Marahaba, baba. Kaa pale, pumzika, umeendesha mbali," alisema. Kisha akamgeukia mwanamke. "Nawe binti yangu, nakuamini. Asubuhi ukiamka, panaanza wapi?"

Mwanamke alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Halafu akaanza. Alisema shingo. Alisema mikono inavyokataa kukata shada la zabibu, alisema jinsi anavyolala akaamka amechoka kuliko alivyolala, na jinsi mtoto akimrukia anavyotamani kumsukuma halafu analia kwa aibu. Alisema kwa muda mrefu na hakuna aliyemkatiza. Mumewe mwanzo alikuwa akitikisa mguu. Baadaye mguu ukatulia.

"Hili la mtoto hukuniambia," alisema.

"Ungeniamini?"

Mume alivua kofia akaishika. Kisha akamuuliza Mkuu, kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa mimi nifanye nini?"

"Jumatatu mpeleke kwa daktari nitakayekuandikia jina lake. Maji ya jioni ubebe wewe."

"Mwanamume abebe ndoo, mama? Kule kwetu watanicheka."

"Una baiskeli. Fungia madumu. Wakikucheka waambie nimekutuma mimi." Mwanamke alicheka, kicheko kifupi, akafunika mdomo. "Na leo," Mkuu aliendelea, "asipande hapa mlangoni. Atembee mpaka kwenye kona, pale kwenye duka la mafuta ya taa. Akifika, apande. Hata akijiona ana nguvu, apande. Kesho kona, keshokutwa kona. Umenisikia, binti?"

"Nimesikia, mama."

Walipotoka nilimshika Mkuu asianguke. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na shingo imelowa jasho. Nilimlaza taratibu, nikamweka mto chini ya magoti alivyonielekeza. Kutoka chumba cha nyuma mashine za wasichana zilikuwa zinalia. Alifumba macho.

"Nenda dirishani," aliniambia. "Nani ameshika baiskeli?"

"Mume. Anaikokota. Mke anatembea pembeni."

"Polepole?"

"Polepole."

Tukangoja. Upepo ulipitisha vumbi barabarani, nikawapoteza, nikawaona tena.

"Wamefika kwenye kona?"

"Wamefika. Mume amesimamisha baiskeli. Anagonga kiti cha nyuma." Nilisogeza pazia nione vizuri. Yule mwanamke alikuwa amesimama anatazama barabara iliyo mbele yake, nyeupe, tambarare, na mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu. Alipiga hatua moja zaidi.

"Amepanda?"

"Bado. Anataka kuendelea."

Nilimwona Mkuu amekaza vidole kwenye shuka. Mume alisema kitu nisichokisikia. Mwanamke akageuka, akarudi ile hatua moja, akakaa nyuma ya baiskeli na kumshika mumewe kiunoni.

"Amepanda," nikasema.

"Safi sana," alisema Mkuu, na vidole vikalegea. "Huyo atafika mbali."

Akalala usingizi palepale, mimi nikiwa bado dirishani.